Unaanza kusomea usalama wa nchi? Anza na waya wa Fumba

Kila muhula mpya ukikaribia hupokea ujumbe wa aina moja kutoka kwa vijana wa Unguja na Pemba. Wamepata nafasi ya kusomea usalama wa nchi na kukabiliana na ugaidi, wengine Bara, wengine nje, wengi siku hizi kwa mtandao, na wanauliza waanze kusoma nini. Ukiwasikiliza unajua filamu zimeshafanya kazi yake: wanataka mabomu, wapelelezi, makomando wanaoshuka kwa kamba. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia waanze na umeme.

Mwezi wa Mei 2008 Unguja nzima ilizimika, ikakaa gizani karibu mwezi. Disemba 2009 ikazimika tena, na mara hii giza likaendelea mpaka Machi 2010. Hakuna aliyelipua kitu. Kisiwa kilikuwa kikipata umeme wake kwa waya mmoja unaopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, upande wa Bara, mpaka Fumba, na hitilafu ikatokea. Umeme ulipokatika na maji yakakatika, kwa kuwa pampu zinataka umeme. Samaki wakaharibika, hoteli zikaingia gharama za majenereta, Darajani watu hawasikilizani kwa ngurumo. Kama ulikuwa mdogo wakati ule, muulize mama yako walichota wapi maji.

Darasani utafundishwa habari za miundombinu muhimu, na mifano itakuwa mabwawa, mabomba ya mafuta na mitambo ya Marekani. Itakupitia mbali. Iweke pembeni kwanza, uchukue waya wa Fumba. Ukikatika, nini kinafuata kuanguka, baada ya saa ngapi, na nani anatakiwa awe tayari ameshajipanga? Mwaka 2013 Unguja ilipata waya mpya wa megawati 100, na Pemba imeunganishwa na Tanga tangu 2010. Je, waya mkubwa zaidi umetupunguzia udhaifu, au umetuongezea umeme tu tukabaki tunategemea upande ule ule? Andika kurasa mbili juu ya swali hilo. Utakuwa umeelewa kitu ambacho wenzako watakikariri mpaka siku ya mtihani.

Hatari katika fani hii hupimwa kwa mambo matatu: tishio, udhaifu na athari. Wageni wote hukimbilia la kwanza, yaani adui ni nani, yuko wapi, anataka nini. Hilo lina utamu wake, lakini kwa asilimia kubwa haliko mikononi mwako. Huwezi kumzuia mtu wa Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji kwenye uasi, asiwe na chuki. Unaweza kuhakikisha kwamba geti lina mtu, daftari linajazwa, na hospitali ina jenereta linalowaka. Udhaifu na athari ndiyo kazi. Tishio waachie wanaolipwa kulifuatilia, nawe usome ripoti zao kwa makini.

Daftari nimelitaja kwa makusudi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu wasiozidi mia sita na kitu. Siku za mwanzo hakuna mamlaka yoyote iliyoweza kusema kwa uhakika ilibeba wangapi. Maiti zilizopatikana zilikuwa 203, na tume iliyoundwa baadaye ikahitimisha kwamba waliopakiwa walizidi 2,400, na waliokufa pamoja na waliopotea wakazidi 1,500. Fikiria ukubwa wa pengo hilo. Familia za Wete na Chake zilikuwa zikihesabu jamaa zao kwa kupigiana simu, maana orodha ya abiria haikuwa na maana. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, MV Skagit ikazama karibu na Chumbe.

Mwanafunzi ataniuliza, ugaidi uko wapi hapo? Haupo. Lakini bandari isiyojua nani kapanda meli haitajua pia nani kapanda na mzigo gani, na uzembe huo huo unaoua kwa bahati mbaya ndio anaoutafuta anayetaka kuua kwa makusudi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Shirika la Kimataifa la Bahari lilipitisha kanuni za usalama wa meli na bandari, zinazojulikana kwa kifupi chao, ISPS, zikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Zina viwango vitatu vya tahadhari, zinataka kila bandari na kila meli iwe na afisa wa usalama na mpango ulioandikwa. Zisome zote, hazichoshi kama zinavyoonekana. Halafu angalia zinamhusu nani: meli za safari za kimataifa. Boti ya bandari ya Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, haimo. Humo katika kisichomo ndimo utakapopata mada ya tasnifu yako.

Historia ya Marekani utaisoma, huna njia ya kuikwepa, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa huko. Wizara yao ya usalama wa ndani ilianzishwa kwa sheria ya Novemba 2002 ikakusanya idara 22 chini ya paa moja. Idara yao ya maafa nayo ikatiwa humo, na mawazo yote yakaelekezwa kwenye ugaidi. Agosti 2005 kikaja kimbunga Katrina, kikaua watu zaidi ya 1,300, serikali ikaonekana haijui pa kushika. Tangu hapo wataalamu wao wanasisitiza mipango inayofaa kwa janga lolote, liwe bomu, moto au mafuriko. Sisi tuliojifunza kwa waya na kwa meli tulikuwa na somo hilo bila kulipa ada.

Sasa chora ramani ya nani anawajibika kwa nini hapa kwetu, maana mwalimu wa nje hatakuchorea. Ulinzi, usalama, polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano, yamo katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Lakini KMKM (kikosi cha kuzuia magendo), JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), Valantia, Zimamoto na Uokozi na Chuo cha Mafunzo, yaani magereza, ni idara maalum za Serikali ya Mapinduzi. Shirika la Bandari ni la Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini ni ya Zanzibar, na Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa pia. Nenda Malindi ukae karibu na lango la abiria asubuhi moja, uhesabu sare. Kisha jiulize: begi likiachwa pale bila mwenyewe, nani anatoa amri ya kuwaondosha watu? Ukipata majibu mawili tofauti kutoka kwa maafisa wawili, umepata udhaifu ambao hakuna mashine ya eksirei itakayouziba. Na usiyatangaze mitaani majibu uliyopata.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wetu wanapoharibikiwa. Utapewa orodha za dalili za mtu anayeelekea kwenye siasa kali: kaacha marafiki wa zamani, kafuga ndevu, kazidisha kwenda msikitini, anasafiri, anakosoa serikali. Chukua orodha hiyo uiweke juu ya mtaa wako. Mimi nikiiweka juu ya mtaa wetu inamkamata mjomba wangu aliyerudi Umra, muuza kahawa, na nusu ya timu ya mpira.

Si mzaha, ni hesabu. Sensa ya 2022 iliwakuta Zanzibar watu 1,889,773. Tufanye tuna kipimo kizuri ajabu, kinachokosea mara moja tu katika kila watu mia wasio na hatia. Ukikipitisha kwa watu wote kitawanyooshea kidole watu karibu 19,000 wasiofanya lolote. Hata wahalifu halisi wawe kumi, na kipimo kiwapate wote kumi, wamezama ndani ya hao elfu kumi na tisa. Na hakuna kipimo duniani kizuri kiasi hicho, sembuse ndevu. Jifunze takwimu, hata kama uliikimbia hesabu skuli. Afisa asiyejua hesabu hii atawatesa watu huku akiamini anafanya kazi.

Na gharama yake inajulikana. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya kigaidi Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha dola, kama kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Hapa kwetu masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walishtakiwa kwa ugaidi, wakakaa rumande Bara kwa miaka, mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi Juni 2021. Una maoni yako juu yao, nami nina yangu. Ila kesi inayochukua miaka kisha ikafutwa bila hukumu haimwachi yeyote salama zaidi: kama wana hatia haikuthibitishwa, kama hawana wameumia bure, na kila barza ina hadithi yake.

Ndiyo maana nasema somo la sheria lipewe muda kuliko somo la silaha. Sheria yetu ya Kuzuia Ugaidi ni ya 2002. Isome yenyewe, si muhtasari wake. Kisha soma kesi ya Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyehusishwa na mabomu ya tarehe 7 Agosti 1998 katika balozi za Marekani Dar es Salaam na Nairobi. Alikamatwa Pakistan 2004, akashikiliwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha gereza la kijeshi la Marekani la Guantánamo, mwishoni akafikishwa mahakama ya kiraia New York. Jaji akamkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana kutokana na mahojiano ya kumshurutisha mshtakiwa. Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama likamwachia mashtaka zaidi ya 280 na kumtia hatiani kwa moja tu. Alifungwa maisha kwa hilo moja. Wanafunzi hubishana usiku kucha kama haki ilitendeka. Wabishane, lakini waondoke na jambo la kiutendaji: unachokipata kwa kumtesa mtu kinaweza kukuangusha mahakamani miaka sita baadaye, mbele ya jamaa za waliokufa.

Mambo madogo ya kujikinga mwenyewe. Ukisema barzani kwamba unasomea usalama, watu watanyamaza, na wiki inayofuata utasikia umeshakuwa mpelelezi. Usijifanye mkubwa kwa ukimya huo. Eleza waziwazi unachosoma, taja chuo, na usichukue picha wala usiandike majina ya waliokuwa wakizungumza. Usipige picha kambi, bandari wala uwanja wa ndege wa Kisauni kwa kisingizio cha kazi ya darasa. Usipakue video na vijarida vya makundi ya kigaidi kwenye simu yako. Mwalimu akikutaka uvichambue, tumia kilichomo katika maktaba ya chuo na uwe na barua yake. Ukifanya utafiti nyumbani, pata kibali cha Serikali ya Mapinduzi kabla hujamuuliza mtu swali la kwanza, kisha mpitie sheha. Sheha mzuri anajua nyumba gani imepangishwa kwa wageni na kijana wa nani hajaonekana tangu mfungo. Kamera haikwambii hayo, naye hakwambii ukimwendea kwa kiburi.

Kazi zipo, lakini siko wengi wanakotazama. Idara maalum huajiri kwa utaratibu wao, na shahada haikurukishi kwenye mafunzo ya kwata. Hoteli kubwa za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinahitaji wakuu wa ulinzi wanaoweza kuandika mpango wa dharura ukasomeka. Benki nazo: Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya uangalizi ya kikosi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025, na katika miaka hiyo taasisi za fedha zilijifunza thamani ya mtu anayejua fedha za ugaidi zinavyopita. Mwenye kuelewa hawala, yaani kutuma fedha kwa kuaminiana bila benki, inavyofanya kazi kweli, na asiyemwona kila mtuma hela kuwa mhalifu, ana nafasi.

Ukiomba kazi bandarini au uwanja wa ndege, tarajia zamu za usiku na daftari kwa muda mrefu kabla ya kuitwa kwenye mkutano wowote. Ukiwa kwenye zamu hiyo andika saa, jina na namba ya chombo kwa mwandiko unaosomeka, hata saa kumi alfajiri, hata kama aliyepita ni bosi wako.