Hesabu Mwezi Kabla Hujashuka Pwani

Anayetaka kuchokoa pweza au kufunga mwani Unguja, Pemba au Mafia, aulize kwanza mwezi una siku ngapi tangu uandame. Wazee wa pwani hawakuhitaji jedwali la bandari la kujaa na kupwa kwa maji, na hesabu yao bado inafanya kazi.

Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mara mbili kwa mwezi: mwezi ukiandama, kwenye siku ya 29 hadi ya 3 ya mwezi mwandamo, na ukishajaa, 14 hadi 17. Siku hizo maji hushuka hata mita 3 na zaidi, na mwamba hukauka kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 6 mchana. Maji mafu, yaani yanayojaa na kupwa kidogo, ni siku ya 8 hadi 10 ya mwezi huo na 22 hadi 24. Siku hizo usihangaike kwenda mwambani, maana maji hayashuki vya kutosha. Bamvua la Machi na la Septemba ndilo kubwa kuliko yote.

Kila siku maji huchelewa kama dakika 50. Huo ni wastani tu: karibu na bamvua ni kama 40, kwenye maji mafu hupita saa nzima. Hapo ndipo wengi hukosea. Kosa jingine ni kufuata mwezi uliotangazwa bila kuutazama angani, kwani siku moja ikipotea, saa zako zote zimeteleza.

Kwa hiyo tengeneza kipimo cha pwani yako mwenyewe. Chimbia boriti ya mkoko pale maji ya bamvua yanapofika kiunoni yakijaa, ukaikate alama kila sentimita 10. Andika daftarini siku ya mwezi, saa maji yaliposimama yakiwa yamejaa, alama yaliyofikia, na upepo. Kupwa kutafuata baada ya saa 6 na dakika 12 hivi. Fanya hivyo kwa miezi miwili iliyoandama, kisha umsomee mzee anayeijua pwani hiyo akusahihishe. Atakwambia mambo ambayo boriti haiyaoni, kama vile mkondo unaojaa mapema. Usiache kuandika upepo: kusi ikivuma kwa nguvu, pwani zinazoelekea mashariki hazikauki kama hesabu inavyosema.

Shuka saa 2 kabla ya maji kusimama yakiwa yamekupwa, na yakisimama geuka, hata kama kapu halijajaa. Kujaa huanza polepole kisha kukakimbia. Maji yakipanda mita 3.6, saa ya kwanza huongezeka sentimita 30 tu, ya pili 60, ya tatu 90. Na hayaji kutoka mbele unakotazama. Hujaza kwanza mkondo ulio nyuma yako, kati ya mwamba na ufukwe. Aliyeinama kwenye tundu la pweza huinua kichwa akakuta njia ya kurudi imeshafika kifuani.

Wakulima wa mwani wanahesabu vivyo hivyo: mbegu iliyofungwa bamvua hili huvunwa bamvua la tatu, siku kama 44.