Kumkabidhi Mungu mipango sio kuacha kupanga, na sio mbinu ya kupata zaidi

Bwana Yesu asifiwe dada. Swali lako nimelisoma mara mbili maana limenigusa. Umepata kazi ya mkataba Dodoma, na huku ulishajichanga mtaji wa kufungua duka la vifaa vya shule hapo Iringa, umeomba weee hujaona kitu, kikundi cha maombi wanakwambia ukipanga mwenyewe umekosa imani usubiri ishara, na unaogopa ukichagua vibaya Mungu atakuacha. Ngoja nijibu kwa urefu kidogo. Mi ni mwuguzi, Mmoraviani wa huku Rungwe, sio mchungaji, nasema niliyopitia na ninayoyasoma.

Hilo la kupanga ni kukosa imani silikubali kabisa. Soma Yakobo 4 kuanzia mstari wa 13, wale jamaa wanasema leo au kesho tutaenda mji fulani, tutakaa mwaka mzima, tufanye biashara tupate faida. Yakobo hawaambii waache biashara wakae nyumbani, anawaambia waseme Bwana akipenda tutakuwa hai na kufanya hivi au hivi. Unaona hiyo "kufanya hivi au hivi" bado ipo palepale. Na Paulo ndo usiseme, yeye alikuwa mtu wa kupanga safari. Warumi 15 anaandika kabisa kwamba akienda Spania atapitia kwao Rumi, na Rumi alifika kweli ila akiwa mfungwa, tena baada ya meli kuvunjika. Matendo 16 anataka kuhubiri Asia anazuiwa, anajaribu Bithinia anazuiwa tena, ndo anafika Troa usiku anamwona yule mtu wa Makedonia. Sasa angekaa Listra anasubiri maono ndo atoke? Maono yalimkuta akiwa ameshatembea sana, na ameshagonga milango miwili ikagoma.

Kuhusu ishara, sisi Wamoraviani tuna historia nayo. Wazee wetu wa Herrnhut kule Ujerumani karne ya 18 walikuwa wanapiga kura, ile ya bahati nasibu sio ya uchaguzi, kujua mapenzi ya Bwana, mpaka nani aoe nani, na hao ndo wale walioshika maombi ya zamu usiku na mchana zaidi ya miaka 100, kwa hiyo siwabezi hata kidogo. Lakini mwaka 1818 sinodi, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ikaondoa ulazima wa kura kwenye ndoa za waumini wa kawaida. Watu waombaji kiasi kile walifika mahali wakaona Mkristo anaweza kuomba, akashauriana na wenzake, akaamua.

Sasa yangu. Nilipanga kwenda Dar kusoma shahada ya uuguzi. Ada nimedunduliza kutoka kwenye mshahara wa stashahada, udahili umetoka, ruhusa kazini nimepata, hata chumba rafiki yangu alishanitafutia. Mama akapata kiharusi, upande wote wa kulia ukapooza. Baba alishafariki, wadogo zangu walikuwa bado shule. Nikawa na ombi moja tu, Mungu mponye mama nisafiri. Hakupona, yani alipata nafuu ya kushika kikombe na kuongea kidogo kidogo ila kutembea hapana.

Watu huwa wananiuliza nilijuaje kwamba Mungu anataka nibaki. Sikuota wala sikusikia sauti. Nilisoma Marko 7, pale Yesu anawakemea watu wanaomwambia mzazi kwamba msaada ambao ningekupa ni Korbani, nimeshamtolea Mungu, wakawatelekeza wazazi kwa kisingizio cha Mungu. Nilivyosoma pale, huku kila baada ya muda naenda kumgeuza mama asipate vidonda vya mgongo, nikaona hapa hakuna tena cha kusubiri, jibu lilishaandikwa siku nyingi. Hela ya ada ikaenda kwenye dawa, mazoezi ya viungo na kiti cha magurudumu.

Ila dada, kubaki na kukabidhi ni vitu viwili. Kubaki nilibaki siku ileile, kukabidhi moyoni kulichukua muda mrefu sana, wenzangu wakipost picha wamevaa joho nilikuwa nazima simu. Iliyonisaidia ni Gethsemane. Angalia Yesu anaanza kwa kusema anachotaka, kikombe hiki kiniepuke, ndo anaendelea walakini si kama nitakavyo mimi, na Mathayo anasema alirudi mara ya tatu akaomba maneno yaleyale. Kwa hiyo nikaacha kuomba kwa maneno mazuri ya ibada, nikawa namwambia Mungu wazi nataka kusoma, inaniuma, umri unaenda, halafu namalizia mapenzi yako yatimizwe. Kesho yake narudia. Kuna siku hiyo sehemu ya mwisho niliisema kwa mdomo tu, na naamini aliipokea hivyohivyo.

Mama alishalala katika Bwana. Shahada sijasoma mpaka leo, na wa darasa letu wengine sa hivi ni viongozi kwenye hospitali kubwa. Naandika hivi makusudi, maana shuhuda tunazozisikia karibu zote zina mwisho mmoja, nilimwachia Mungu kazi ndogo akanipa kubwa, nilimwachia mchumba akanipa bora zaidi. Mungu anafanya hayo, sikatai, ila tukilifundisha kama kanuni tunawafanya watu wamkabidhi Mungu ili walipwe, na asipolipa wanaona wamedanganywa. Hata Yeremia 29:11 tunayoibandika ukutani, mawazo ya amani na tumaini, waliandikiwa mateka wa Babeli, na mstari wa 10 tu juu yake unasema miaka 70. Maana yake watu wazima wengi waliosikia ile barua walizikwa Babeli. Na mstari wa 5 wameambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani mle matunda yake, hukohuko ugenini.

Mfano wa huku kwetu ni Krapf, mmisionari Mjerumani. Mzigo wake ulikuwa kuwahubiria Waoromo, kabila la huko Ethiopia, akakwama Ethiopia, akaja Mombasa 1844 akiamini atawafikia kwa kupitia pwani. Mwaka huohuo akamzika mke wake na kichanga chao cha kike. Na kazi aliyoitamani kwa Waoromo hakuifanya. Akabaki upande wa Mombasa na Rabai anajifunza lugha zetu, mwaka uleule wa msiba akaanza kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa 1882, yeye alishafariki mwaka mmoja kabla. Mtu asiniambie yale makaburi mawili yalikuwa bei ya kamusi, sitaki kuongea hivyo juu ya Mungu. Ninachokiona ni mtu aliyeendelea kumtumikia Mungu palepale alipokwama.

Tuje kwako. Dodoma halali, duka halali, hakuna anayekutegemea unayemtupa, basi hapo una uhuru. Na hofu ya kuachwa itoe, nabii Nathani mwenyewe alimwambia Daudi ajenge hekalu, usiku uleule Mungu akamtuma arudi akamwambie hapana, na Daudi hakufukuzwa, akaishia kumwandalia Sulemani dhahabu na mierezi. Mungu anajua kukuzuia akitaka. Usome huo mkataba wote, hasa muda wake na namna ya kuuvunja. Mtafute mwenye duka kama hilo akwambie ukweli, Januari shule zikifungua linauza, je Aprili na Septemba anakula nini? Umwambie na mchungaji wako, sio kikundi tu. Umesema wa Dodoma wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi, basi omba ukiwa umeshaandika jibu lako, usiku mmoja lala nalo, asubuhi litume. Na ukichagua Dodoma ule mtaji usiuguse, uache benki kwa jina lako.