Ukienda Mafia, uliza maji kabla ya nauli

Watu wakishajua kwamba naenda Mafia kila nikipata nafasi, maswali yao ni yale yale: ndege shilingi ngapi, boti ipo kila siku, gesti za bei nafuu ziko wapi. Ni maswali halali. Mimi lakini huwarudishia swali kwanza: siku unayotaka kwenda, mwezi mwandamo utakuwa tarehe ngapi? Yaani utakuta bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yasiyopanda wala kushuka sana? Hata mwenye hela ya ndege, akishatua kisiwani mambo yake mengi yatapangwa na kupwa na kujaa. Wanaorudi Dar wakilalamika kwamba "Mafia hakuna bichi" mara nyingi walifika pwani saa ambayo bahari haipo.

Tuanze na njia. Ndege ndogo zinaruka kutoka uwanja wa Julius Nyerere, jengo la kwanza, na hazichukui hata saa nzima hadi Kilindoni, mji wa Mafia. Begi liwe laini na jepesi, maana mizigo inapimwa kwa ukali. Ukipata kiti cha dirishani upande wa kulia, usisinzie: chini yako itapita delta ya Rufiji, mikoko na mikono ya mto imesukana hadi hujui maji yanaelekea wapi. Humo ndimo manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilikojificha kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Waingereza waliiteka Mafia Januari 1915, wakaitumia kurushia ndege za kuitafuta manowari hiyo, na Julai mwaka huo huo ikaangamizwa. Kwa hiyo ndege Mafia si jambo la jana.

Wengi wetu lakini tunapita Nyamisati, gati la bara zinakoondokea boti za Mafia. Unapanda gari Mbagala Rangi Tatu, unashika barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, ukifika Bungu unakata kushoto kuelekea baharini. Siku hizi kuna kivuko cha serikali, MV Kilindoni, kinachobeba hadi magari, na hicho kimewapunguzia watu wa Mafia mateso mengi ya zamani. Boti za watu binafsi nazo zipo. Ratiba usiichukue mtandaoni ukaiamini. Piga simu kwa mtu aliyepo gatini siku moja kabla, na uliza pia saa, si siku tu. Nyamisati ipo ndani ya mkondo, na maji yakiwa yamekupwa chombo kikubwa kinapita kwa shida. Ndiyo maana leo watu wanaondoka alfajiri na wiki ijayo wanaondoka jua likiwa juu.

Fika mapema hata hivyo, ikibidi ulale huko huko. Gati la Nyamisati kabla ya kupambazuka lina raha yake: mama wa chai ameshawasha jiko, vitumbua vinageuzwa kimoja kimoja kwenye karai, na mizigo inateremka: mabati, magodoro, matenga ya kuku, vitunguu kwa magunia. Safari moja kijana wa mjini alikuwa akimfuatafuata baharia, "Kaka, tunaondoka saa ngapi?" Yule baharia hakutazama saa. Alitazama nguzo ya gati, alama ya unyevu ilipoishia, akamjibu, "Bado kidogo, ndugu yangu. Kunywa chai." Kijana akanywa chai. Tuliondoka maji yalipofika.

Ukipanda, kaa nyuma, upande wa tezi, karibu na usawa wa maji. Omo, yaani mbele, kunapendeza kwa picha, ila ndiko chombo kinakoruka zaidi mkishatoka kwenye mikoko na kukutana na bahari wazi. Hasa Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, hapo hata wenyeji hufunga vilemba wakanyamaza. Jaketi okozi livae, usilikalie. Na kama boti imejaa kupita kiasi, shuka. Nimewahi kushuka na nauli sikurudishiwa, na sijaijutia.

Kilindoni ndio mji: soko, hospitali, benki, bandari. Toa fedha hapo hapo, kwa sababu ukishaenda Utende, upande wa pili wa kisiwa, utategemea mawakala wa simu tu. Bodaboda na bajaji zipo na lami ni nzuri. Kabla ya kuingia Utende kuna geti la Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ambayo ilianzishwa 1995 na ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania. Kila mgeni analipa kiingilio. Mtanzania analipa kidogo sana kuliko mtalii wa nje, lakini lazima uonyeshe kitambulisho, kwa hiyo cha NIDA kisibaki nyumbani.

Sasa turudi kwenye maji. Kwenye bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga, pwani yetu hii maji hujaa kama saa kumi alasiri na kukupwa kama saa nne asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kukupwa inaweza kupita mita 3. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Wiki moja baadaye, mwezi ukiwa nusu, mambo yamegeuka: saa nne asubuhi ndiyo yamejaa, ingawa hayapandi sana wala hayashuki sana. Basi familia yenye watoto wanaotaka kuogelea asubuhi iende mwezi ukiwa nusu. Anayetaka kutembea juu ya miamba na kuwaona kina mama wakitafuta pweza kwa vijiti, aende bamvua na awe na viatu vya kukanyagia mawe.

Kutoka Utende kuna mashua ya abiria kwenda Chole, ng'ambo tu. Vua viatu, kunja suruali, ingia majini kama wenzako. Chole ndiko Wajerumani walikoweka makao yao mwanzoni, kabla ya kuhamia Kilindoni mwaka 1913, na magofu yao yamekumbatiwa na mizizi ya miti. Juu ya miti mikubwa wamening'inia popo wala matunda, wa jamii inayopatikana pia Komoro. Jirani yake ni Juani, yenye magofu ya Kua, mji ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19. Kua usiende bila mwenyeji, na saa ya kwenda mwachie nahodha: mkichelewa kurudi, mashua inakaa juu ya tope na ninyi mnakaa juu ya mashua.

Papa potwe je? Hao wapo upande wa Kilindoni, kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na hana habari na wewe. Anachuja vijidudu vya majini na dagaa wadogo. Wavuvi wa dagaa ndio wanaojua alipo, hivyo tafuta nahodha anayesikilizana nao. Usimguse, usimzibie njia, na usirukie majini mbele yake. Nahodha anayekwambia "mshike tu, hana neno", mwambie akurudishe pwani.

Machi hadi Mei ni masika, na sikushauri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, kwa hiyo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe na zitiiwe, hata kama jua linawaka.

Kilindoni ni mji wa Waislamu kwa wingi wake: jisitiri ukitoka pwani kuingia mitaani, na Ramadhani usitegemee mgahawa mchana.

Kurudi ndiko kunakowaumiza wengi. Mtu ana kazi Jumatatu asubuhi, anapanga boti ya Jumapili, bahari inachafuka Jumamosi usiku. Ukiwa na jambo la lazima Jumatatu, vuka Ijumaa, au Jumamosi kwa kuchelewa sana. Tiketi ya basi la kwenda mikoani usiinunue hadi uwe umekanyaga Nyamisati.