Kaptula zimechanika msambani kabla ya Juni: mwakani ninunue au nishoneshe?

SWALI: Fundi, mwanangu yuko darasa la tatu. Januari nilimnunulia kaptula mbili za bluu na mashati mawili meupe, yote ya dukani. Kufika Mei kaptula zote zimechanika msambani, na kola za mashati zimelika. Mwakani ninunue tena au nishoneshe? Na kitambaa imara nitakijuaje? – Mama, Morogoro.

JIBU: Pole, mama. Usizitupe. Zigeuze ndani nje uangalie palipochanika. Kitambaa kikiwa kizima na uzi ndio uliokatika, kibovu ni mshono. Kaptula nyingi za bei ya chini hupigwa msambani mstari mmoja tu, kisha ovaloki, yaani uzi wa kuzuia ukingo usifumuke, na kando ya mshono hakuna akiba ya kitambaa. Mtoto akichuchumaa kucheza gololi, uzi huo mmoja ndio unaobeba kila kitu. Mpelekee fundi apige mstari wa pili, kuanzia chini ya zipu hadi kiunoni nyuma. Ni kazi ya dakika chache.

Mwakani, kaptula shonesha, mashati nunua. Kola ya kiwandani hukaa vizuri kuliko ya mafundi wengi, ila msamba fundi wako atauimarisha ukimwambia. Mwambie mistari miwili, akiba ya inchi 1 nyuma ili kiuno kiachiliwe baadaye, na pindo la inchi 2. Mtoto wa umri huo hurefuka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka, na sehemu tu ya urefu huo ndiyo inayoingia kwenye kaptula, kwa hiyo pindo hilo litakufikisha mbali. Mpelekee kitambaa Novemba. Wiki ya kwanza ya Januari tuna marundo ya sare, na mshono wa haraka ndio huo uliokuchanikia.

Kitambaa, omba tetroni, yaani mchanganyiko wa poliesta na pamba. Ule wa kawaida una poliesta 65 na pamba 35 kwa mia. Pamba tupu hufaa kwa joto la Morogoro lakini hunywea na kupauka. Chomoa uzi uuchome: ukiacha majivu laini tu ni pamba, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu ndani yake mna poliesta. Kisha fikicha kitambaa kwa nguvu. Kikitoa unga na kulegea, ugumu ule ulikuwa wa wanga, na utaondoka na maji ya kwanza.

Shati la dukani livute pande mbili za mshono wa bega. Ukiona meno ya uzi, yaani mshono ukiachama na uzi kuonekana katikati, liache. Hesabu mishono ndani ya inchi 1: kumi hadi kumi na mbili ni kazi nzuri.

Kola zilizolika zina dawa yake, mama, na wengi wameisahau: fundi huifumua kola, akaigeuza upande wa chini ukawa juu, akaishona tena. Shati linamaliza mwaka. Ila punguza jiki, maana hula pamba, na kola ndiyo unayoisugua zaidi. Kaptula za bluu zianike kivulini, ndani nje.