Ukikuta Ndege wa Baharini Amelowa Mafuta, Usikimbilie Sabuni

Meli inapovujisha mafuta, watu wa pwani hutoka na beseni na sabuni kwenda kuokoa ndege. Nia ni njema kabisa, lakini ndege wengi hufia kwenye beseni. Ndege aliyelowa mafuta ni mgonjwa mahututi. Kuoshwa kunamchosha na kumtia hofu kubwa, na asipopata nguvu kwanza, moyo humshinda.

Tuanze na kinachomuua. Unyoya una nyuzi nyembamba zilizoshikana kwa ndoano ndogondogo, kama zipu iliyofungwa, ndiyo maana maji hayapenyi. Mafuta yakiingia hapo zipu inafunguka na maji yanafika kwenye ngozi. Mwili wa ndege una joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo hata bahari yetu ya nyuzi 27 humnyonya joto usiku na mchana. Doa dogo tumboni latosha. Anashindwa kuelea na kuwinda, anapanda mchangani akiwa na njaa na kiu, kisha anaanza kujisafisha kwa mdomo na kuyameza mafuta yenyewe. Yakifika ndani yanachubua utumbo, yanaharibu seli nyekundu za damu na kuumiza ini na figo. Ndiyo sababu membe aliyeoshwa akang'aa anaweza kufa siku chache baadaye.

Kwa hiyo fanya hivi. Vaa glavu na nguo ya mikono mirefu, maana mafuta hayo ni sumu kwako pia. Mwendee kutoka upande wa bahari ili asirudi majini. Mfunike na taulo au khanga kuukuu, mshike mabawa yakiwa yamekunjwa, na mweke mbali na uso wako kwa sababu hulenga macho kwa mdomo. Usimfunge mdomo kwa kamba wala mpira. Baadhi ya ndege wa baharini, kama wale wa jamii ya booby wanaowinda kwa kupiga mbizi, hawana matundu ya pua ya nje na hupumulia mdomoni. Mtie kwenye boksi la katoni lenye matundu, ndege mmoja boksi moja, na utandike taulo chini. Boksi likae kivulini, pakavu, pasipo upepo wala kelele. Wengi husikia "apate joto" wakaliweka juani. Mafuta meusi hufyonza jua, na ndege huiva humo ndani. Usimlishe samaki na usimmiminie maji kooni, yataingia mapafuni. Wapigie watu wa hifadhi ya bahari au daktari wa mifugo aliye karibu, uwatajie mahali na saa ulipomkuta.

Kwenye kituo cha kuokoa ndege, hupewa maji kwa mrija na kupumzishwa siku moja hadi tatu. Haoshwi mpaka awe macho, joto la mwili limerudi na kipimo cha damu kinaridhisha. Maji ya kuoshea huwa ya nyuzi 40 hadi 42, yenye sabuni ya maji ya vyombo kiasi cha asilimia 1 au 2. Anahamishwa beseni hadi beseni mpaka maji yabaki safi. Kisha inakuja kazi ambayo wengi huiharakisha, nayo ni suuza. Sabuni ikibaki kwenye manyoya, maji hupenya kama vile mafuta bado yapo. Ndege mmoja hutumia mamia ya lita, na haachiwi mpaka aelee kwenye bwawa bila kulowa.

Kazi hii inawezekana. Juni 2000 meli ya Treasure ilizama karibu na Cape Town, na pengwini wapatao 19,000 wakalowa mafuta. Wengi mno waliokolewa. Wengine 19,500 hivi waliokuwa bado safi walihamishiwa Port Elizabeth (sasa Gqeberha), mamia ya kilomita upande wa mashariki, wakaachiwa waogelee kurudi, na walipokuwa njiani visiwa vyao vilikuwa vinasafishwa. Kwetu sisi hilo la pili ndilo somo kubwa zaidi: kumkinga ndege safi ni rahisi kuliko kumwosha mchafu.

Pomboo na nyangumi wana hatari ya namna nyingine. Hawana manyoya, lakini huibuka kuvuta pumzi ndefu palepale mvuke wa mafuta unapotanda. Baada ya mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon kulipuka mwaka 2010 katika Ghuba ya Mexico, pomboo wa Barataria Bay walikutwa na maradhi ya mapafu, na kati ya wenye mimba waliofuatiliwa, mmoja tu kati ya watano alizaa ndama aliyeishi.

Sumu za viwandani kama PCB, na dawa ya kuua wadudu ya DDT, hazionekani kabisa. Hujikusanya kwenye shahamu, na mnyama akikosa chakula shahamu huyeyuka, sumu ikaingia kwenye damu. Mama hummwagia mwanawe wa kwanza sehemu kubwa kupitia maziwa. Hata kwenye shahamu ya pomboo wa Zanzibar walionaswa nyavuni, DDT imepatikana. Basi pomboo aliyekufa ufukweni asiliwe, wala mafuta yake yasichukuliwe kwa dawa au kupaka vyombo vya baharini. Wataalamu wakitaka sampuli, shahamu hukatwa kuanzia ngozi hadi kwenye nyama, hufungwa kwa karatasi ya aluminiamu na kugandishwa. Mfuko wa plastiki ukigusa nyama moja kwa moja unaweza kuharibu kipimo.

Manahodha na mafundi wa boti, hapa tunawategemea ninyi. Oili chafu imwagwe kwenye dumu lenye kifuniko, si kando ya jahazi. Kabla ya kufua (kuteka na kumwaga) maji ya ngama, yaani yale yanayojikusanya chini ndani ya chombo, fyonza kwanza mafuta yanayoelea juu. Na ile desturi ya kutia sabuni ngamani ili utando upotee iachwe: mafuta hayaondoki, yanavunjika matone madogo na kuzama kwa samaki, na sabuni yenyewe inafungua manyoya ya ndege. Msimu wa kutaga ukifika visiwani kama Fungu Mbaraka, ongezeni uangalifu, kwa kuwa matone machache anayorudi nayo mzazi kwenye manyoya ya tumbo yanatosha kuua kifaranga aliye ndani ya yai.