Wainka "waliandika" kwa kamba, au tuseme vingine?

Swali: Shikamoo mwalimu. Naandaa somo la historia kuhusu Wainka wa Peru, wale waliokuwa wanatunza habari kwa kamba zenye mafundo zinazoitwa khipu. Mimi nimeweka "Wainka waliandika kwa vifundo", mwenzangu kakataa, anasema bila kalamu na wino hakuna kuandika, na "vifundo" nayo sio. Nani yuko sahihi? Halafu hiyo khipu naiandikaje kwa Kiswahili?

Jibu: Marahaba. Kwenye vifundo mwenzako ana hoja, kwenye kuandika hana.

Yeye anawaza kalamu tu, lakini kuandika ni neno pana, watu wa pwani wanaandika meza, yaani wanapanga vyombo na chakula, na wakishakula wanaandua, na mtu akiajiriwa utasikia kaandikwa kazi. Kupanga vitu mahali pake kumo ndani ya neno lenyewe. Sasa ona Wainka walivyofanya: kuna kamba kuu moja, halafu zinaning'inia nyingine kibao, za pamba au za manyoya ya alpaka na lama, wanyama wa kule wa jamii ya ngamia, na thamani ya fundo inategemea limepigwa wapi. Chini karibu na ncha ni mamoja, juu yake makumi, juu zaidi mamia. Ukitaka 352 unapiga mafundo 3 juu, unaacha nafasi, unapiga 5, unaacha nafasi, halafu chini unapiga fundo moja refu lenye mizunguko 2. Hilo fundo refu ni la mamoja tu, mizunguko 2 mpaka 9, na 1 ina fundo lake la umbo la 8 manake ukizungusha mara moja linatoka fundo la kawaida kama yale ya makumi na msomaji atadhani ni kumi. Pasipo na fundo ni sifuri. Jamani, hao watu walikuwa na akili! Mmarekani Leland Locke ndo alieleza mfumo huu mwaka 1912, na kuna kipu (ndiyo hiyo khipu) zina kamba ya juu inayobeba jumla ya zile zinazoning'inia, ukijumlisha mwenyewe unaona zinakubaliana.

Kama mmoja anaweka idadi na mwingine anaisoma ileile, hiyo ni kuandika, sioni jina lingine.

Ila nimesema idadi. "Waliandika hesabu" ruksa kabisa. Ukija kwenye hadithi na nasaba, Wahispania wa enzi hizo walieleza kwamba watunza kipu walikuwa wanasimulia habari za wafalme wao kwa kutumia kamba hizo, lakini upande huo wataalamu bado wanabishana na hawajaweza kuusoma, kwa hiyo hapo mimi ningesema "walihifadhi habari" au "waliweka kumbukumbu", usijifunge. Na Wahispania hao hao walizipokea kipu mahakamani kama ushahidi, halafu mwaka 1583 mtaguso, yaani mkutano mkuu wa kanisa, pale Lima ukaamuru ziharibiwe kwa madai ya ushirikina!

Vifundo sasa. Kamusi zinakubali kifundo kama fundo dogo, lakini ukisema vifundo watu wengi akili inakwenda kwenye mguu. Sema mafundo. Na fundo linapigwa au linafungwa, usiseme linatengenezwa. Halafu ukiziita hizo kamba nyuzi, tafadhali sio "uzi hizi", ni nyuzi hizi.

Khipu: ile kh ya Kikechua, lugha ya Wainka, sio ya kukwaruza koo kama kwenye kheri, ni k yenye pumzi, kama ile wanayotamka watu wa Mombasa wakisema kaa wa baharini tofauti na kaa la moto. Tahajia sanifu haiionyeshi hiyo pumzi, kwa hiyo andika kipu tu. Ile "quipu" unayoikuta kwingine ni tahajia ya Kihispania. Iweke kwenye ngeli ya I-ZI, kipu hii, kipu hizi, usione ki- pale mbele ukakimbilia kusema vipu, kwanza msomaji atadhani unaongelea majipu madogo. Ingawa kitabu nacho kilikuja kutoka Kiarabu, ki- yake haikuwa kiambishi, na tukasema vitabu hivyo hivyo, kwa hiyo wanafunzi wako wakisema vipu sahihisha lakini usiwagombeze sana.