Mwanasheria Aliyefika Kileleni mwa Televisheni ya BET

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sheria, na nimekuwa nikizifuatilia tuzo za BET (Black Entertainment Television), televisheni ya burudani ya Wamarekani weusi, tangu Diamond Platnumz alipotajwa kuziwania mwaka 2014. Nimesikia kwamba Bi. Debra Lee, aliyekuwa akiiongoza televisheni hiyo, alisomea sheria. Aliwezaje kufika hapo bila kusomea utangazaji? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Ndugu msomaji, ulichosikia ni kweli. Debra Lee alikulia Greensboro, jimbo la North Carolina, akasoma Chuo Kikuu cha Brown, kisha akahitimu Harvard mwaka 1980 akiwa na shahada mbili, ya sheria na ya sera za umma. Baada ya kumsaidia jaji wa mahakama ya shirikisho na kufanya kazi katika kampuni ya mawakili mjini Washington, alijiunga na BET mwaka 1986 akiwa mwanasheria mkuu wake. Kampuni yenyewe ilikuwa bado changa. Robert Johnson aliianza mwaka 1980 kwa mkopo wa dola 15,000 na dola 500,000 alizopewa na John Malone, kigogo wa biashara ya kebo, yaani televisheni inayofika majumbani kwa nyaya, na mwanzoni ilirusha matangazo kwa saa mbili tu kila Ijumaa usiku.

Sheria ilimfaa kwa sababu stesheni ya kebo haimiliki nyaya zinazoingia majumbani. Hulazimika kufunga mkataba na kampuni za kebo, ambazo huilipa ada ndogo ya kila mwezi kwa kila nyumba inayoipokea. Ni senti chache, lakini zikizidishwa kwa mamilioni ya nyumba hugeuka kuwa mapato ya kutegemewa, na matangazo ya biashara huongezwa juu yake. Ndiyo maana kila kifungu kina uzito: mkataba ni wa miaka mingapi, ada itapanda lini, na stesheni itawekwa katika kifurushi cha bei nafuu ambacho kila mteja anacho au katika kile cha gharama kubwa chenye wateja wachache. Anayevielewa vifungu hivyo anajua pesa ya kampuni inatoka wapi, na kwa maoni yangu huo ndio msingi wa uongozi katika biashara hii kuliko sauti nzuri au sura ya kupendeza mbele ya kamera.

Mwaka 1991 BET iliingia katika Soko la Hisa la New York, ikiwa kampuni ya kwanza kufanya hivyo huku ikidhibitiwa na Wamarekani weusi. Lee aliwahi pia kusimamia majarida ya kampuni, na mwaka 1996 akawa rais wake. Kampuni kubwa ya habari na burudani, Viacom, iliinunua BET kwa takriban dola bilioni 3, na Johnson alipoondoka, Lee akawa mkurugenzi mtendaji hadi mwaka 2018.

Hata hivyo, mikataba haikumkinga na lawama. Mwaka 2007 waandamanaji walikusanyika nje ya nyumba yake Washington, Jumamosi baada ya Jumamosi, wakipinga video za muziki zilizorushwa na BET na kuwadhalilisha wanawake. Naamini malalamiko yao yalikuwa ya haki. Miaka iliyofuata BET iliwekeza zaidi katika tamthilia, na mwaka 2011 ilipoifufua tamthilia ya The Game, ambayo stesheni nyingine ilikuwa imeiacha, kipindi cha kwanza kilitazamwa na watu milioni 7.7.

Basi kwako, ndugu yangu, usiache sheria ukakimbilia utangazaji. Soma kwa bidii sheria ya mikataba, pamoja na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kisha uombe mafunzo kwa vitendo katika idara ya sheria ya kituo cha televisheni au ya kampuni ya visimbuzi. Ukipokelewa, omba uonyeshwe jinsi mkataba wa kurusha chaneli unavyoandikwa, kuanzia kifungu cha ada.